Usifukuze Muda wa Mwenzako wa Kisii

Wakimbiaji wa ridhaa siku hizi hutumiana kila asubuhi kilomita walizokimbia na muda waliotumia. Aliyeko Kisii au Nyamira akituma wake, wewe wa Mombasa usijilazimishe kuufikia.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mwili ukishaizoea huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Nyamira ndiko alikotoka Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 mwaka 1968 Mexico City, mji mwingine wa nyanda za juu, akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Kwetu Pwani kazi ni joto na unyevu. Jasho halikauki, mwili haupoi, moyo huenda mbio hata kwa mwendo mdogo. Basi ukijiandaa kwa kilomita 42.195, toka alfajiri, na siku nyingi kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Masafa yaongeze kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Ukihisi kizunguzungu, au mwenzako akianza kuchanganyikiwa, simameni, tafuteni kivuli, mjimwagie maji. Muda wa mwenzio mpongeze. Mwendo wako upime kwa pumzi zako.