Kiswahili ni lugha rasmi, lakini barua bado huja kwa Kiingereza

KATIKA makala ya leo, ninanuia kuangazia tofauti kati ya lugha ya taifa na lugha rasmi, dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa, hata na wanafunzi wa vyuo vikuu.

Nianze na kisa. Mwezi jana nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya umma. Mama mzee aliyeketi kando yangu akanipa barua. “Mwanangu, hebu nisomee hapa. Wanasema nini?”

Barua ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Ilisema kuna mtu anayedai sehemu ya shamba lake, na kwamba alikuwa na siku 30 za kupinga. Nilitazama tarehe. Zilikuwa zimesalia siku nne! Kumbe barua alikuwa nayo siku zote hizo, akingoja mjukuu wake afunge shule ya bweni aje amsomee. Na mama huyu, ndugu msomaji, anakizungumza Kiswahili kunishinda mimi niliyekisomea.

Lugha ya taifa ni ile inayowatambulisha watu wa nchi moja na kuwaleta pamoja. Lugha rasmi ni ile ambayo serikali hufanyia kazi: kutunga sheria, kutoa hukumu, kuandika barua kama ile. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekipa Kiswahili hadhi zote mbili. Urasmi kinaugawana na Kiingereza. Wengi wetu tulishangilia, tukadhani mjadala umekwisha.

Lakini hebu fungua Kifungu cha 259 cha Katiba hiyo hiyo. Kinasema kwamba nakala za Katiba katika lugha tofauti zikikinzana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Yaani, Kiswahili ni rasmi hadi pale ubishi unapozuka. Na mwananchi huihitaji lugha rasmi hasa siku ya ubishi.

Hali hii haikuanza juzi. Mnamo Julai 4, 1974, Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kianze kutumika Bungeni mara moja. Hata hivyo, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ikawa mbunge anajadili kwa Kiswahili kitu alichokisoma kwa Kiingereza. Mwaka wa 1979, Kiingereza kikarejeshwa kwenye mijadala. Ninapofundisha historia hii wanafunzi hucheka. Mimi huwauliza, mnamcheka nani?

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiingereza ndicho kitakachotuunganisha kwa sababu hakina kabila. Sawa, hakina kabila, ila kina tabaka. Kinawaunganisha waliosoma na kuwaacha wengine mlangoni wakitafuta wa kuwasomea. Mkamba na Mluo wakikutana sokoni Gikomba, wanaanza tu na Kiswahili, hakuna anayeuliza ni cha nani.

Hoja nzito zaidi ni ya mzee wa Turkana au Mandera ambaye hata Kiswahili kwake ni lugha ya kujifunza. Hiyo siipuuzi. Kifungu cha 7 chenyewe kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya na Breli. Mzee huyo naye anastahili kuelezwa mambo yake kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza hakimkaribishi hata hatua moja.

Kuhusu ile nyimbo ya kila siku kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria, jirani zetu Watanzania walibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Hawakungoja kwanza kila neno lipatikane kamusini. Istilahi hukomaa zikitumiwa. Zikiachwa kabatini huota kuvu.

Nirudi kwa yule mama. Tuliandika barua yake ya kupinga palepale, kwa Kiswahili, akatia kidole gumba. Karani aliisoma yote, akaielewa, kisha akatabasamu. “Mwalimu, si ungeandika tu Kizungu iende haraka?”

Nilitaka kumtajia Kifungu cha 7. Mama akanitazama. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikaomba karatasi nyingine, nikaiandika upya kwa Kiingereza.