Sputnik Monroe, adui wa ulingoni aliyefungua viti vya chini Memphis

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jiji la Memphis, jimbo la Tennessee, Mmarekani Mweusi aliyetaka kuwapeleka wanawe bustani ya wanyama alisubiri siku moja ya juma waliyotengewa watu wa rangi yake. Jumatatu usiku, akienda kutazama mieleka katika ukumbi wa Ellis, alipanda hadi roshani ya juu. Viti vya chini vilikuwa vya Wazungu, hata vikibaki vitupu.

Aliyeuvunja utaratibu huo ukumbini hakuwa hakimu wala mwanasiasa. Alikuwa Mzungu kutoka Kansas, mwenye utepe wa nywele nyeupe juu ya paji la uso, ambaye mkate wake wa kila siku ulitokana na kuchukiwa. Alijiita Sputnik Monroe.

Alizaliwa Dodge City mwaka 1928. Mieleka aliianzia kwenye maonyesho yanayohama mji hadi mji, akisimama jukwaani kumkabili mkulima au kibarua yeyote aliyedhani ana ubavu wa kumwangusha. Baadaye akaingia kwenye mieleka ya kulipwa kwa jina la Rock Monroe.

Kizazi kilichokua kikiwatazama Undertaker na John Cena kinaweza kudhani mieleka ya Marekani siku zote ilikuwa mali ya kampuni moja. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 1948, chini ya umoja wa waandaaji ulioitwa National Wrestling Alliance, nchi iligawanywa kanda kwa kanda, kila kanda na mwenyewe. Mwanamieleka alikaa kanda moja miezi au miaka kadhaa, watu wakimchoka anafungasha na kwenda nyingine. Malipo yake yalitegemea mapato ya mlangoni. Mtu angeweza kuwa mfalme wa Memphis, na New York wasimjue hata kwa sura.

Jina la Sputnik alilipata mwaka 1957. Alikuwa safarini kwenda Mobile, Alabama, amechoka kuendesha, akampa lifti kijana Mweusi ili amsaidie usukani. Walipofika mahali pa mieleka aliingia naye akiwa amemkumbatia begani. Wazungu waliokuwapo wakaanza kufoka, naye badala ya kumwachia akambusu shavuni. Bibi mmoja alimporomoshea matusi mpaka akaonywa kwamba angetolewa nje. Akatafuta neno baya lisilo tusi: akamwita Sputnik. Siku hizo Wasovieti walikuwa wametoka tu kurusha satelaiti yao, na kwa Mmarekani wa kawaida hapakuwa na kitu cha kuogofya na kuchukiza kuliko hicho. Monroe akalipenda jina.

Huko Memphis Monroe alikuwa adui, kwa lugha ya mabanda yetu ya video, wala si steringi. Alicheza rafu, akajisifu mbele ya kamera za televisheni kwa mwili wake na uzuri wake, akawatukana mashabiki. Wazungu walilipa kiingilio wakitamani kumwona akipigwa. Lakini mchana alikuwa Beale Street, mtaa wa Weusi, ndani ya joho la zambarau na bakora mkononi, akinywa katika baa zao na kugawa tiketi za pambano linalofuata. Weusi wakampenda, na wakaanza kumiminika Ellis.

Polisi hawakuvumilia. Walimkamata mara kwa mara kwa makosa ya kubambikiza, mfano wa yale ya uzururaji. Yeye aliweka wakili Mweusi, jambo ambalo kwa Mzungu wa Kusini lilikuwa kashfa nyingine, akalipa faini, kisha akarudi Beale Street.

Tatizo likabaki roshani. Ilijaa upesi, na Weusi waliobaki nje wakarudishwa na fedha zao mfukoni huku viti vya chini viko wazi. Monroe akampenyezea kitu kidogo mtu wa mlangoni aliyekuwa akihesabu Weusi wanaoingia, ili ataje idadi ndogo kuliko ile halisi. Watu wakaingia, wakaingia, mpaka juu pakafurika na ikawa hapana pa kuwaweka ila chini. Kisha akawaambia waandaaji waziwazi: mashabiki wangu waketi popote wanapotaka, la sivyo natafuta kanda nyingine. Waandaaji wakapiga hesabu ya mapato, wakakubali. Baadaye michezo mingine jijini ikafuata njia hiyo. Sheria ya shirikisho ya kupiga marufuku ubaguzi katika kumbi za umma ilikuja mwaka 1964.

Nguvu ya jina lake ilionekana Agosti 17, 1959, alipokutana na Billy Wicks, kipenzi cha Wazungu wa Memphis, katika uwanja wa besiboli wa Russwood Park. Mwamuzi alikuwa Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa ndondi uzani wa juu aliyestaafu bila kupoteza pambano. Watu zaidi ya 13,000 walijaa. Miezi michache baadaye, Aprili 1960, uwanja huo uliteketea kwa moto.

Wapo wanaosema Monroe alifuata fedha tu. Alizifuata, ndiyo, viti vingi ni mapato mengi, na sehemu ya mapato ilikuwa yake. Lakini waandaaji nao walizipenda, na kwa miaka yote walikubali kuzipoteza kuliko kumweka Mweusi jirani na Mzungu. Wala mtu anayewinda tiketi tu hahitaji kulala rumande kwa ajili ya marafiki wa Beale Street. Mimi naona alikuwa mfanyabiashara jasiri, na jiji lile lilihitaji mtu wa namna hiyo. Ila tusimfanye mkombozi aliyetenda peke yake. Vitisho vyake visingekuwa na uzito wowote kama wapagazi, wapishi na madobi wasingekuwa tayari kutoa fedha yao ya Jumatatu na kusimama foleni mlangoni. Wao ndio waliokuwa karata yake. Na mwezi Machi 1960 wanafunzi Weusi wa jiji hilo waliingia maktaba, wakaketi na kukamatwa, bila ulingo wala kamera ya mieleka.

Monroe alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka 77. Mavazi yake ya ulingoni yamewekwa katika makumbusho ya Rock 'n' Soul ya Memphis, pamoja na kumbukumbu za wanamuziki, na anastahili kuwamo.

Mimi kinachonivuta zaidi ni kazi aliyofanya mwanzoni mwa miaka ya 1970, umri ukiwa umesogea. Aliunda timu ya wawili na kijana Mweusi, Norvell Austin, naye Austin akajitia utepe wa nywele kama wa mwenzake. Wakishinda, walimmwagia mpinzani rangi nyeusi. Austin alitangaza kwamba weusi ni uzuri, Monroe akajibu kwamba weupe ni uzuri, kisha wote wakatamka kwamba rangi hizo mbili pamoja ndizo nzuri. Hayo waliyasema katika kumbi za Kusini, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wamekua wakitenganishwa kwa roshani, na kazi yao wote wawili ilikuwa kuzomewa.