Kisu Walikisifu, Sindano Ikawaokoa

Kuna kisa cha baridi ambacho kimezunguka dunia nzima. Mzee mmoja wa Kiinuit, kaskazini ya mbali ya Kanada, aligoma kuhamia kijijini ambako serikali ilitaka watu wakae. Jamaa zake, wakidhani watamlainisha, wakamnyang'anya zana zake zote. Usiku, dhoruba ikivuma, mzee akatoka nje ya nyumba ya theluji, akachuchumaa, akajisaidia. Kilichotoka akakifinyanga kingali cha moto mpaka kikaganda kwa umbo la kisu. Akakitemea mate yagande kwenye makali, akamchinja mbwa, akaunda sleji kwa mbavu zake na hatamu kwa ngozi yake, akamfunga mbwa mwingine, akatokomea gizani.

Mwanaanthropolojia Wade Davis, mzaliwa wa Kanada, ndiye aliyekieneza kwa kalamu yake, akisema alisimuliwa huko huko Aktiki. Mwaka 2019 mwanaakiolojia Metin Eren wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, Marekani, akaamua kulipeleka jambo lenyewe maabara. Kwa siku nane alikula vyakula vya nyama na samaki, kama wanavyokula watu wa barafuni, na malighafi akaitoa mwenyewe. Kisu kikagandishwa kwa barafu kavu hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, kikanolewa kwa tupa, kikajaribiwa kwenye ngozi ya nguruwe. Hakikukata. Kiliyeyuka kikaacha michirizi ambayo msomaji anaweza kuikisia rangi yake. Mwaka uliofuata utafiti huo ukapewa Ig Nobel, tuzo ya kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Nakiri nilicheka. Lakini baadaye nilijiuliza kwa nini kisa hicho kimependwa hivyo, kikapita vinywa vyote bila mtu kuuliza kama kisu kilikata. Nadhani ni kwa sababu tukisikia neno baridi tunataka awepo mwanamume mmoja, usiku mmoja, na chuma mkononi, hata kama chuma chenyewe si chuma. Zana iliyowaweka watu hai kule ni fupi kuliko kidole, na mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyeketi.

Sisi binadamu ni watu wa joto. Mawe ya kale kabisa yanayojulikana kuchongwa kwa makusudi yalipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, na yana umri wa miaka milioni 3.3. Mwili huu wa jasho jingi na malaika badala ya manyoya uliumbika chini ya jua la huku. Mtu aliye uchi na ametulia huanza kupambana na baridi joto likishuka chini ya nyuzi 27 hivi, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeiita nafuu. Sasa mpeleke mtu huyo Siberia, nyuzi 40 chini ya sifuri, umpe shoka zuri kuliko yote duniani. Atakufa nalo mkononi.

Nguo hazidumu ardhini, ndiyo maana historia yake inabidi tuiulize kwa chawa. Chawa wa kichwani na chawa wa mwilini ni ndugu, ila huyu wa pili huishi kwenye nguo na kutaga mayai katika mishono. Hakuna nguo, hakuna yeye. Mwaka 2011 watafiti waliopima jeni zao walikadiria kwamba ndugu hao walianza kuachana miaka 170,000 hivi iliyopita, wazee wetu wakiwa bado Afrika. Na mwaka 2021 zikatangazwa zana za mfupa kutoka pango la Contrebandiers, pwani ya Morocco, za kati ya miaka 90,000 na 120,000 iliyopita, zilizotumika kuparua ngozi. Kwa hiyo kudabagha ngozi na kujifunika hatukufundishwa na theluji. Tulikwenda nako.

Lakini kujifunika ni jambo moja na kushona ni jingine. Ngozi uliyojitupia mabegani hupitisha upepo kila unapoinua mkono. Nguo ya kweli ya baridi lazima iukumbatie mwili, iwe na mikono, miguu na kofia, na iwe na tabaka mbili zinazofungia hewa kati yake. Hapo ndipo unapohitaji mshono.

Sindano ya mfupa haipatikani kwa kupasua mfupa kwa jiwe ukaomba kipande kilichonyooka. Fundi wa zama za barafu alichukua mfupa mrefu, au pembe ya kulungu, akachora juu yake mifereji miwili sambamba kwa patasi ndogo ya gumegume yenye ncha kali kama kona ya bati. Alipita mstari ule ule mara nyingi, vumbi jeupe likimwagika magotini, mpaka patasi ikafika ndani kwenye uboho. Kisha akapenyeza kabari, akabandua ufito. Ufito huo akausugua kwenye kinoo cha jiwe la mchanga, akiuzungusha vidoleni, mpaka ukawa mwembamba na wa mviringo kama mwiba.

Tundu ndilo lililotia hofu. Kwanza kichwa kilikwanguliwa kiwe bapa, kisha kikatobolewa kwa ncha ya jiwe upande mmoja, kikageuzwa, kikatobolewa upande wa pili mpaka vishimo vikakutana katikati. Ukikandamiza kupita kiasi, kichwa kinapasuka na unaanza upya. Wapo mafundi waliosalimisha sindano iliyovunjikia tunduni kwa kutoboa tundu jingine chini kidogo. Mtu hahangaiki hivyo na kitu kisichokuwa na thamani.

Katika pango la Denisova, milima ya Altai huko Siberia, ilipatikana sindano ya mfupa wa ndege yenye urefu wa sentimita 7 na ushei. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 40,000 na 50,000. Kando ya Mto Yana, ndani kabisa ya Duara la Aktiki, watu walikuwa wameshapiga kambi miaka zaidi ya 30,000 iliyopita, na sindano zao zipo. Huko La Prele, jimbo la Wyoming nchini Marekani, wachimbaji wamekuta vipande vya sindano vya miaka karibu 13,000, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mifupa iliyotumika ni ya mbweha, sungura na jamii ya paka-mwitu. Yaelekea wanyama wale wale waliotoa manyoya ya nguo walitoa na sindano ya kuishonea.

Yupo wa kupunguza makali ya hoja hii, na haki yake asikilizwe. Ian Gilligan wa Chuo Kikuu cha Sydney anasema msharasi, ile ncha ya mpini ambayo fundi viatu hutobolea soli, unatosha kabisa kuunganisha ngozi: unatoboa, unapitisha ukano, unavuta. Kwake yeye sindano yenye tundu ni alama ya kushona kwa ustadi zaidi, nguo za ndani na mapambo pia. Huko Sungir, Urusi, watu waliozikwa miaka zaidi ya 30,000 iliyopita walikutwa wamezungukwa na maelfu ya shanga za pembe ya mamothi, zilizokuwa zimeshonewa kwenye nguo zilizokwisha kuoza. Mimi sioni ugomvi mkubwa hapo. Mshona kofia wa Lamu naye hatofautishi sana kati ya tundu linalopitisha hewa na tundu linalopendeza.

Ufundi huo ulifika kileleni kwa Wainuit. Mwanamke alianza na ulu, kisu cha nusu duara chenye mpini juu, ambacho hukata kwa kubembea badala ya kuvuta, hivyo hukata ngozi bila kuyaumiza manyoya. Akaiparua ngozi, akailainisha, mara nyingine kwa kuitafuna kwa meno. Nyuzi zilitoka mgongoni mwa kulungu wa kaskazini: ukano ulikaushwa, ukachanwa kwa kucha na meno mpaka ukapatikana uzi mwembamba. Nywele za kulungu huyo zina uwazi ndani, kila unywele ni chupa ndogo ya hewa. Vazi la ndani liligeuzwa manyoya yaelekee mwilini, la nje manyoya yakaelekea upepo.

Kwa viatu vya ngozi ya sili palikuwa na mshono wa peke yake. Sindano haikutoboa ngozi ikatokea upande wa pili. Iliingia nusu ya unene, ikatoka upande ule ule, kisha kazi ikageuzwa na kushonwa tena vivyo hivyo. Hakuna tundu hata moja lililovuka, na uzi wa kano ukilowa huvimba ukajaza pale ulipopita. Mikono hiyo hiyo ilishona ngozi za mitumbwi ya kuwindia baharini. Wapwani waliokuwa wakiunganisha mbao za mtepe kwa kamba za nazi wangekaa na akina mama hao wakaelewana bila mkalimani.

Sindano ilitunzwa kama dhahabu. Ilichomekwa kwenye ukanda wa ngozi, na ukanda ukavutwa ndani ya kibomba cha mfupa ili ncha isiguswe. Kazi ilifanyika kando ya qulliq, taa ya bakuli iliyochongwa kwa jiwe laini la jamii ya lile la Kisii, yenye mafuta ya sili na utambi wa kuvumwani. Taa hiyo iliyeyusha theluji ya kunywa, ikakausha viatu vilivyolowa, ikamulika mshono. Mwindaji aliyefumukiwa na mshono akiwa mbali juu ya barafu hakuwa na usalama, hata mkuki wake uwe mkali vipi.

Mwaka 1845 manowari mbili za Uingereza, Erebus na Terror, ziliingia maeneo hayo zikiongozwa na John Franklin. Zilikwama kwenye barafu karibu na kisiwa cha King William, na kati ya watu 129 waliokuwemo hakuna aliyerudi. Chuma walikuwa nacho cha kupakia bandari nzima. Zaidi ya nusu karne baadaye, Roald Amundsen wa Norwei alikaa miaka miwili kwenye kisiwa hicho hicho, akajifunza kwa Wanetsilik, Wainuit wa hapo, jinsi ya kuvaa. Mwaka 1911 alifika Ncha ya Kusini akiwa na nguo za manyoya, akarudi na wenzake wote wazima.

Chuma chenyewe huko kaskazini kina habari yake, na msomaji wa Mbozi ataielewa upesi. Kimondo cha Mbozi, tani 16 hivi za chuma kutoka angani, kipo pale mkoani Songwe, na Wanyiha wa eneo hilo hawakuhitaji kukitia nyundo. Walikuwa na udongo wenye madini, miti ya kuchoma mkaa, tanuri na viriba. Chuma walikifua wenyewe. Watu wa Greenland kaskazini, Wainughuit, hawakuwa na mti hata mmoja wa kukatia mkaa, na taa ya mafuta ya sili haiyeyushi chuma. Lakini nao walikuwa na vimondo, karibu na mahali paitwapo Savissivik, kitu kama "mahali pa chuma cha visu".

Walikigonga kikiwa baridi. Mawe magumu ya basalti yalibebwa kutoka mbali, kwa sababu hapo hayapatikani, wakagonga na kugonga mpaka vikabanduka vigamba vyembamba. Vigamba vikapondwa vikawa bapa kama sarafu, vikapangwa kwa safu katika ufa wa mfupa, na hicho kikawa kisu. John Ross, nahodha Mskoti aliyewafikia mwaka 1818, alistaajabu kukuta chuma mikononi mwa watu wasio na tanuri. Vimondo vikubwa vilikuwa vitatu: Hema, Mbwa na Mwanamke. Wenyeji walisimulia kwamba mwanamke huyo alitupwa kutoka mbinguni pamoja na mbwa wake na hema lake. Alikuwa akishona.

Mwaka 1894 mwenyeji mmoja alimwongoza Mmarekani Robert Peary hadi hapo. Mwaka uliofuata Peary akamchukua Mwanamke na Mbwa, na mwaka 1897 akalipakia Hema, tani 31, akapeleka vyote New York. Kwa haki, wakati huo wenyeji walikuwa wameanza kupata visu kutoka kwa wavuvi wa nyangumi. Hata hivyo hakuna aliyewauliza bei. Mke wa Peary aliviuza kwa jumba la makumbusho ya viumbe asilia la mji huo kwa dola 40,000. Meli iliyobeba Hema ilibeba pia wenyeji sita. Wanne walikufa upesi kwa maradhi ya kifua, akiwemo Qisuk, baba wa mtoto Minik. Jumba hilo likamwonyesha mtoto mazishi ya uongo ya baba yake, na mifupa yenyewe ikabaki kabatini. Ilirudishwa Greenland mwaka 1993, Minik akiwa amefariki miaka 75 kabla.

Katika safari za Peary alikuwepo Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866. Ndiye aliyejifunza lugha ya wenyeji akaisema, akaendesha mbwa kama wao, akaunda sleji. Walipodai kufika Ncha ya Kaskazini mwezi Aprili 1909, kila mmoja alikuwa ndani ya nguo zilizoshonwa na wanawake wa Kiinughuit waliosafiri nao melini, sindano mkononi majira yote ya giza. Majina ya mabwana yamo vitabuni. Ya washonaji nimeyatafuta, nikapata machache mno.

Hema sasa lipo ukumbini New York, likishikiliwa na nguzo zinazoshuka hadi kwenye mwamba chini ya jengo, na watoto wa shule huligusa wakipita. Mwanamke naye yuko humo humo. Mawe ya basalti hayakupakiwa, kwani hayakuwa na mnunuzi. Yamerundikana kule Savissivik kwa maelfu, yakizunguka mahali alipokuwa ameketi.