Majadiliano ya Maandishi Mtandaoni katika Elimu ya Masafa

Mwanafunzi akaaye chuoni hupata elimu yake kwa njia mbili: kwa mwalimu asimamaye mbele yake, na kwa wenzake aishio nao. Njia hii ya pili haimo katika ratiba wala hailipiwi karo, lakini aghalabu ndiyo imfundishayo kuyapima maneno yake. Akisema jambo lisilo na msingi, mwenziwe humwuliza, "Umelipata wapi?", naye hana budi kulitetea au kuliacha. Mwanafunzi asomaye kwa mbali hulikosa jambo hilo. Vitabu humfikia, mitihani humfikia, na hata sauti ya mwalimu yaweza kumfikia. Swali la mwenzake ndilo lisilomfikia.

Upungufu huo ni wa zamani. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilipoanza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kazi kubwa ilikuwa kumfikishia mwanafunzi masomo yaliyotungwa vizuri na kumrudishia mazoezi yaliyokwisha sahihishwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilikabiliwa na shida iyo hiyo katika nchi iliyo pana. Vituo vya mikoani huwakutanisha walio karibu, lakini mwanafunzi wa Kigoma na mwenzake wa Mtwara waweza kusoma somo moja miaka mingi wasijuane hata kwa jina.

Majaribio ya kukutanisha watu kwa maandishi ya kompyuta yalianza kitambo. Mwaka 1976 Murray Turoff alianzisha mtambo wa mikutano ya namna hiyo, ulioitwa EIES, katika chuo cha teknolojia cha New Jersey, Marekani. Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo la kwanza la Moodle, programu ambayo vyuo huitumia bila kununua kibali, nayo ina mahali pa mjadala ndani ya somo. Katika Afrika Mashariki njia ilipanuka kuanzia mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika pwani kwa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za ng'ambo yalipitia setilaiti, kwa gharama kubwa. Kwa hiyo mahali pa kukutania papo. Lililobaki ni kujua namna ya kupatumia.

Mjadala wa maandishi hauwataki watu wawepo kwa saa moja. Mwalimu huweka swali. Mwanafunzi mmoja hujibu alfajiri kabla ya kwenda kazini, mwingine usiku watoto wakiisha lala. Maneno yote hubaki mahali pake, yakasomwa na kurudiwa. Hapa kuna faida ambayo hata darasa la kawaida halina: mtu mzito wa kusema hupata muda wa kufikiri, na asemaye sana hawezi kuwazuia wengine wasiseme.

Hata hivyo mijadala mingi hufa katika juma la kwanza, na sababu kubwa ni swali lenyewe. Mwalimu akiandika, "Eleza maana ya ushairi," mwanafunzi wa kwanza hunakili maelezo ya kitabu, wa pili huyageuza maneno machache, na wa tatu huandika, "Nakubaliana na mwenzangu." Hapo hapana mjadala, pana mazoezi yale yale ya posta yaliyobandikwa ubaoni. Tena siku hizi zipo programu zitungazo majibu ya maswali kama hayo kwa dakika moja, na mwalimu aulizaye hivyo hawezi kujua anasahihisha kazi ya nani.

Swali lifaalo kwa mjadala ni lile ambalo watu wawili wenye akili waweza kulijibu mbalimbali, kila mmoja akiwa na ushahidi. Katika somo la fasihi ya Kiswahili mfano ulio wazi ni ule mgogoro wa ushairi. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichoeleza vina na mizani kuwa nguzo za utunzi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye tungo zisizofuata nguzo hizo, na mabishano makali yakazuka juu ya kama tungo hizo ni mashairi au sivyo. Badala ya kuuliza ushairi ni nini, mwalimu aweza kusema hivi: "Chagua utungo mmoja usio na vina. Msomee mtu wa mtaani kwako asiyesoma somo hili, umwulize kama ni shairi, na kwa nini. Lete jawabu lake, kisha useme kama unalikubali." Swali hilo halijibiki kwa kunakili. Kila mwanafunzi atakuja na jambo ambalo wenzake hawanalo, nao watakuwa na haja ya kusomana.

Wala desturi ya kubishana kwa maandishi si ngeni kwa Waswahili. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walioishi miji ya mbali waliulizana na kujibizana kwa tungo, wengi wao bila kuonana kwa macho. Majibizano hayo yalidumu kwa kuwa kila mjibuji alilishika neno la mwenziwe kabla ya kuleta lake. Kanuni hiyo yafaa kuwekwa wazi katika mjadala wa chuo: mwanafunzi na alitaje kwanza jambo alilosema mwenziwe, ndipo aongeze, apinge au aulize. Jibu lisilomtaja mtu ni hotuba.

Pamoja na swali, yataka kuangaliwa mpango wa watu na wa siku. Wanafunzi mia mbili mahali pamoja hawawezi kujadiliana. Maneno yao huwa mengi hata hapana ayasomaye. Afadhali wagawanywe makundi ya watu kumi au kumi na watano, na kila kundi limteue mmoja wa kukusanya hoja. Muda nao uwe na mwisho. Katika mjadala wa juma moja, jibu la kwanza laweza kutakiwa ifikapo siku ya tatu, na siku zilizobaki ziwe za kujibizana. Pasipo mpaka huo wote huandika usiku wa mwisho, na hakuna awezaye kumjibu mwenziwe.

Gilly Salmon, aliyefundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, alieleza mwaka 2000 kwamba wanafunzi hupanda hatua tano: kuweza kuingia, kujuana, kupashana habari, kujenga maarifa kwa pamoja, na mwisho kujiongoza wenyewe. Mwalimu awatiaye wanafunzi wageni katika mabishano mazito siku ya kwanza huwarusha hatua tatu. Juma la kwanza na liwe la salamu na jambo jepesi, mradi kila mtu aandike mara moja na kujibiwa mara moja. Asiyejibiwa mara ya kwanza si ajabu asirudi tena.

Katika jamii za Waswahili liko jambo jingine, nalo ni heshima ya umri na cheo. Katika kundi moja la elimu ya masafa huweza kuwamo mwalimu mkuu mwenye miaka hamsini na kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Mwalimu mkuu akiisha sema, kijana huona ni utovu wa adabu kumpinga, na mjadala hufungwa na mtu mmoja asiyekusudia kuufunga. Dawa yake haitoki katika kuivunja heshima. Mwalimu wa somo na awape wanafunzi njia ya kupinga kwa adabu: kuanza kwa "Shikamoo Mwalimu, nimelisoma neno lako, lakini naona upande huu," na kuilenga hoja badala ya mwenye hoja. Zaidi ya hayo, aweza kuwagawia pande za kutetea, ili kijana apingapo afanye hivyo kwa agizo la somo, asionekane mjuvi.

Kazi ya mwalimu mwenyewe ni ya kipimo. Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Kanada walionyesha mwaka 2000 kwamba elimu ya namna hii husimama juu ya kuwapo kwa namna tatu: kuwapo kwa watu wanaojisikia kuwa pamoja, kuwapo kwa fikira, na kuwapo kwa mwalimu. Mwalimu aliyenyamaza kabisa huwaacha wanafunzi wadhani hakuna awasomaye. Mwalimu ajibuye kila ujumbe kwa kirefu huwafanya wote wamngojee yeye. Lifaalo ni kuuliza swali la pili pale hoja inapolegea, kuziunganisha hoja mbili zilizopitana, na mwisho wa juma kuandika muhtasari unaotaja wanafunzi kwa majina. Aliye kimya na aandikiwe faraghani: huenda ameishiwa na fedha za bando, au haoni kama neno lake lina thamani.

Gharama hiyo si jambo dogo. Wengi huingia kwa simu, katika mahali ambapo mtandao hukatika. Maandishi matupu ni mepesi kuliko picha za video, na jibu laweza kuandikwa kando na kutumwa mtandao urudipo. Makundi ya simu yafaa kwa matangazo ya haraka, lakini hoja ndefu huzama humo chini ya salamu.

Juu ya alama, zisitolewe kwa wingi wa ujumbe, kwani wanafunzi wataandika mengi matupu. Zitolewe kwa mambo matatu: ushahidi alioleta mtu, jinsi alivyolishughulikia neno la mwenziwe, na kama fikira yake ilisonga mbele tangu siku ya kwanza. Hata aliyebadili rai yake kwa sababu iliyo wazi apewe sifa, maana hilo ndilo tunda la mjadala.

Wanafunzi wengi wa masafa huacha masomo kimyakimya, na upweke ni mojawapo ya sababu. Chuo kitakachoutunza mjadala kwa namna hii hakitauondoa umbali, lakini kitampa mwanafunzi wa Kigoma mtu wa kumwuliza, "Umelipata wapi?", na sababu ya kufungua kitabu chake tena.