Kabla Usharika Haujalipia "Kupuliza Dawa"

Katika bajeti zinazoletwa na kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe, kifungu cha "kupuliza dawa" kinaonekana mara kwa mara: kanisani, chekechea, ofisini, hata nyumba ya mchungaji. Wafadhili nao hutuuliza fedha hiyo inanunua nini. Swali ni la haki.

Neno "dawa" hapa linabeba kazi mbili. Ipo dawa ya kuua wadudu kama mende, kunguni na mbu, na ipo dawa ya kuua vijidudu vya magonjwa, kwa mfano klorini. Dawa ya kunguni haiui vijidudu vya kipindupindu, wala klorini haimalizi kunguni kwenye magodoro ya bweni. Hata kiwanda cha viuadudu kilichojengwa TAMCO, Kibaha, kwa teknolojia ya Cuba, kilikusudiwa kutengeneza dawa ya kibaolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama. Si dawa ya ukutani. Kwa hiyo kamati iandike kwanza inataka kuua nini.

Kuhusu vijidudu, wengi tunakumbuka Aprili 2020, wakati wa UVIKO-19, mitaa na vituo vya mabasi vya Dar es Salaam viliponyunyiziwa dawa. Rais Magufuli alitilia shaka hadharani faida ya zoezi lile. Mwezi Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo usioshauri kupuliza dawa barabarani na sokoni, na likasema mtu asipuliziwe kwa hali yoyote. Klorini ikikutana na vumbi na uchafu, nguvu yake huishia humo humo. Ndani ya jengo nako, dawa inayopulizwa hewani hupita juu juu, haifiki chini ya benchi wala nyuma ya kitasa. Mtu hunusa harufu kali akadhani kazi imefanyika.

Kinachosaidia ni mkono na kitambaa. Osheni kwa maji na sabuni, kisha pakeni klorini, iacheni dakika 10, ndipo msuuze. Kwa dawa ya maji ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 6 vya maji hutoa asilimia 0.5, inayofaa sakafu iliyochafuliwa na matapishi, kinyesi au damu. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, ni gramu 71 hivi kwa lita 10. Anayefanya kazi hii avae glavu na afungue madirisha. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, maana jua na joto la Pwani huupunguza nguvu. Usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Je, kampuni ya kulipwa haina kazi? Inayo. Kunguni waliojaa bwenini hawaondoki kwa fagio. Kinyesi cha popo darini mwa kanisa (na sharika zenye mapaa ya zamani zinajua tunachosema) kikifagiliwa kikavu hutoa vumbi linaloweza kudhuru mapafu. Aliyezoea hukilowanisha kwanza, akavaa barakoa ya kufaa, kisha akaziba mianya popo wakishatoka. Ila kipindupindu kikizuka, msianze na kampuni. Mwiteni afisa afya wa kata siku hiyo hiyo.

Anayekuja kupuliza viuatilifu aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ataje kwa maandishi jina la dawa, kipimo, na saa ambazo watoto watakaa nje. Asiyeweza kutaja jina la dawa yake asipewe ufunguo wa chekechea.

Kuanzia robo ijayo, tunaziomba kamati ziambatishe karatasi hiyo kwenye maombi ya fedha. Maombi ya sabuni, ndoo, glavu na klorini hayahitaji karatasi hiyo.