Mguu Ufike Chini: Sayansi ya Kuimudu Pikipiki Ndefu na Nzito

Katika mbio za Paris–Dakar za mwaka 1984, Mbelgiji Gaston Rahier alikuwa na shida ambayo wapinzani wake wengi hawakuijua. Alikwishakuwa bingwa wa dunia wa motokrosi ya cc 125 mara tatu mfululizo, kuanzia 1975 hadi 1977, lakini alikuwa mfupi wa kimo, na BMW aliyokabidhiwa ilikuwa ndefu, yenye tenki kubwa la kuvukia jangwa. Akiketi juu yake, miguu ilining'inia. Kwa hiyo aliondoka kwa mtindo wake mwenyewe: alisimama kando ya pikipiki, akakanyaga kikanyagio cha upande mmoja, akaachia klachi, na pikipiki ilipoanza kutembea akaurusha mguu wa pili ng'ambo. Alishinda mbio zile, akimtangulia mwenzake wa timu Hubert Auriol, mzaliwa wa Addis Ababa ambaye urefu haukuwa tatizo kwake. Mwaka 1985 akashinda tena.

Rahier alikuwa ameligundua jambo ambalo wahandisi wa pikipiki walichukua karibu miaka 40 kulitia ndani ya mashine. Pikipiki inahitaji kuwa juu inapokwenda. Mwendeshaji anahitaji ardhi inaposimama. Mahitaji hayo mawili hayaji kwa wakati mmoja.

Urefu wenyewe hauna mbwembwe. Pikipiki ya safari za mbali hupita kwenye mawe, makorongo na matuta, na gurudumu lake lazima lipate nafasi ya kupanda na kushuka bila injini kugonga chini. BMW R 1300 GS, iliyotoka 2023, ina nafasi ya milimita 190 kwa gurudumu la mbele na 200 kwa la nyuma. Weka injini juu ya nafasi hiyo, kisha fremu, kisha siti, na makalio ya mwendeshaji yanajikuta milimita 850 kutoka ardhini, juu ya chombo cha kilo 237. Bodaboda ya cc 150 inayobeba abiria Dodoma au Kisumu ina takriban nusu ya uzito huo.

Uzito peke yake, hata hivyo, si mkosaji mkuu. Honda Gold Wing, pikipiki ya watalii wa barabara kuu, inazidi kilo 360, lakini siti yake iko milimita 745 tu, na watu wengi wa kimo cha kawaida hukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Kwa sababu haiwezi kusukumwa ovyo kinyumenyume, Honda waliiwekea toleo la GL1500, la mwaka 1988, njia ya kurudi nyuma kwa nguvu ya mota ya stata. Taabu halisi huanza pale uzito unapokutana na urefu.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Chukua pikipiki ya kilo 240 ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na mwendeshaji aliyetua mguu sentimita 40 pembeni ya mstari wa matairi. Pikipiki ikiegemea upande wake kwa nyuzi 5, mguu huo unabeba mzigo wa takriban kilo 31, bila kuhesabu mwili wa mwendeshaji mwenyewe. Ikiegemea nyuzi 15, mzigo unapita kilo 90. Sasa mtazame mtu ambaye wayo wake unabaki hewani kwa sentimita 3. Ili aikute ardhi, lazima ailaze pikipiki kwa nyuzi 4 na kidogo, na kila uzi mmoja unamwongezea zaidi ya kilo 6 mguuni. Sentimita 3 alizokosa zinamgharimu zaidi ya kilo 25, tena akiwa amesimamia vidole, mahali ambapo mguu hauna nguvu.

Ndiyo maana marekebisho yanayoonekana madogo huleta nafuu kubwa.

La kwanza ni umbo la siti. Siti pana huwalazimisha wapanda pikipiki kupanua mapaja, na urefu wa mguu unapotea kwa kwenda pembeni badala ya kwenda chini. Fundi wa siti akiichonga sponji ya mbele iwe nyembamba, mguu unashuka wima, na mara nyingi mtu hufika chini bila siti kupunguzwa kimo sana. Lakini sponji ikipunguzwa kupita kiasi, mifupa ya makalio hugonga plastiki, na safari ya kilomita 400 inageuka adhabu.

La pili ni springi. Mwendeshaji anapoketi, shokapu zinapaswa kuzama kiasi, kwa kawaida karibu theluthi ya nafasi yake yote ya kupanda na kushuka, ili gurudumu liweze kushuka na kulifuata shimo. Pikipiki nyingi hukutwa springi zake zimekazwa kwa ajili ya watu wawili na mizigo, ilhali anayeendesha ni mtu mmoja mwepesi. Kuilegeza mpaka ifikie kipimo chake hakuhitaji kununua kitu, na pikipiki hushuka papo hapo. Ikilegezwa kuliko hapo, itakuwa inagota kwenye kila tuta.

La tatu, na lenye hatari zaidi, ni kubadilisha vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma na mkono unaoshika gurudumu. Vyuma virefu kidogo huishusha nyuma kwa sentimita 2 au 3. Lakini nyuma ikishuka peke yake, pembe ya usukani inalala na pikipiki inakuwa nzito kukata kona, kwa hiyo shokapu za mbele nazo lazima zipandishwe ndani ya vishikio vyake kwa kiasi kinachooana. Stendi ya pembeni pia inabaki ndefu kuliko inavyotakiwa: pikipiki inasimama karibu wima, na upepo au mtu anayepita anaweza kuiangusha. Stendi isipokatwa, kazi haijaisha.

Njia zote hizo zina kasoro moja. Zinaishusha pikipiki daima, hata inaporuka mawe kwa kilomita 60 kwa saa. Hapo ndipo vifaa vya kielektroniki vilipoingia. Mwaka 2021 Harley-Davidson walitoa Pan America 1250 Special, ambayo mnunuzi angeweza kuiongezea mfumo unaopunguza urefu kadiri pikipiki inavyokaribia kusimama, kwa kati ya milimita 25 na 50. Teknolojia hiyo ilitoka kwa kampuni ya shokapu ya Japani, Showa. Wazo lake ni la kiuchumi: mtikisiko wa barabara wenyewe, shokapu inapopanda na kushuka, husukuma mafuta ya haidroliki kuibana springi na kuinua pikipiki. Inapofika wakati wa kusimama, vali inafunguka, mafuta yanarudi, siti inashuka. Kwenye R 1300 GS yenye mfumo kama huo, siti hutoka milimita 850 hadi 820 mwendo ukiwa chini ya kilomita 25 kwa saa, na hupanda tena ukivuka 50. Milimita 30 hizo ndizo sentimita 3 za hesabu ya hapo juu.

Kwa nini mwendo unaondoa tatizo? Pikipiki inayokwenda hujirekebisha: ikianza kuinamia kushoto, usukani hugeukia kushoto, matairi yanarudi chini ya uzito na chombo kinasimama. Kwa miaka mingi sifa yote yalipewa magurudumu yanayozunguka na jinsi tairi la mbele linavyofuata nyuma ya mstari wa usukani. Mwaka 2011, katika jarida la Science, watafiti wa Cornell, Marekani, na Delft, Uholanzi, walionyesha baiskeli waliyoiondolea athari zote mbili, na bado ilijisimamia yenyewe. Mgawanyo wa uzito nao una mchango wake. Tena kitu kirefu huanguka polepole kuliko kifupi, kama vile ufagio mrefu ulivyo rahisi kuusimamisha kiganjani kuliko penseli. Kwa hiyo pikipiki ndefu hailemei njiani. Hulemea katika mita chache za mwisho kabla ya kusimama, pamoja na zile za kwanza za kuondoka.

Mita hizo zinafundishika. Wakati wa kupanda, pikipiki iwe kwenye stendi ya pembeni, gia namba moja imeingia, usukani umegeuzwa kushoto kabisa, breki ya mbele imeshikwa. Anayekanyaga kikanyagio cha kushoto na kurusha mguu ng'ambo aangalie kwanza kitabu cha pikipiki yake, maana si kila stendi ilitengenezwa kubeba mashine pamoja na mtu. Wakati wa kusimama, wayo mmoja uliokanyaga sawasawa ni bora kuliko ncha za vidole vya miguu yote miwili: mwendeshaji anasogeza kalio upande mmoja, anashusha mguu wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Achague mahali ambapo ardhi ya upande huo imeinuka. Kwenye mwendo wa kutambaa, klachi ishikwe nusu, breki ya nyuma iguswe kidogo dhidi ya nguvu ya injini, na macho yatazame mbali. Breki ya mbele ikiminywa ghafla usukani ukiwa umekatwa, pikipiki inalala mara moja.

Ikilala, mgongo usitumike kuinyanyua. Injini inazimwa, usukani unakunjwa upande ilikoangukia, mtu anachuchumaa akiipa mgongo siti, anashika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha anatembea hatua fupi za kinyumenyume kwa nguvu ya mapaja. Ikiwa imelalia upande wa kulia, stendi ifunguliwe kabla, isije ikapinduka kwenda ng'ambo ya pili.

Kwa anayenunua pikipiki kubwa iliyokwishatumika, isiyo na mfumo wa kujishusha, mpangilio wa matumizi ni huu: aketi juu yake akiwa amevaa buti za safari, tenki likiwa limejaa, kwa kuwa kila lita 10 za petroli ni takriban kilo 7.5 zaidi, nazo hukaa juu. Fundi aipime springi kwa uzito wa mwenye pikipiki. Baada ya hapo siti ichongwe. Vyuma vya kushushia vinunuliwe mwisho, iwapo hayo mawili hayakutosha, na siku vinapofungwa, shokapu za mbele na stendi zishughulikiwe kabla pikipiki haijatoka gereji.