Chumvi ya Maarib na Nikeli ya Nachingwea: Madini ya Umma katika Shari'ah

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, dunia hivi sasa inajaribu kupunguza matumizi ya mafuta na makaa ya mawe na kuhamia kwenye umeme wa jua, upepo na betri. Betri nyingi za magari hutengenezwa kwa nikeli, lithiamu na grafiti. Nikeli na grafiti zimo katika ardhi ya Tanzania. Hivyo maswali ya zamani ya fiqhi yamerudi upya: madini ni ya nani? Na kiongozi akishampa mtu, je, anaweza kuyarudisha?

Kisa cha Abyadh bin Hammal

Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kuwa Abyadh bin Hammal (r.a.) alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba apewe chumvi iliyokuwa Maarib, Yemen, naye akapewa. Katika mapokezi ya Ibn Majah, Al-Aqra bin Habis (r.a.) alieleza kuwa aliifahamu sehemu ile: kila anayefika huchota, mfano wa maji yasiyokatika. Hapo Mtume (s.a.w.) akamwomba Abyadh airudishe. Abyadh akakubali kwa sharti ihesabiwe kuwa sadaka yake, na Mtume (s.a.w.) akampa badala yake ardhi na mitende.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, kauli ya mtu anayelijua eneo ilisikilizwa na uamuzi ukabadilishwa. Pili, mali iliyokuwa ya wote ilirudi kwa wote. Tatu, aliyenyang'olewa haki hakuachwa mikono mitupu: aliombwa ridhaa yake, akapewa badali. Wanavyuoni huita kutengua mkataba kwa ridhaa namna hii iqala.

Madini ya wazi na madini ya ndani

Kutokana na kisa hiki na dalili nyingine, wanavyuoni kama Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) waligawa madini mafungu mawili. Madini ya wazi ni yale yanayopatikana bila ya gharama kubwa. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ametaja humo chumvi, kibiriti na hata mafuta ya ardhini, akasema hapewi mtu mmoja kuyamiliki. Madini ya ndani, kama dhahabu na fedha, hayapatikani ila kwa kazi na gharama. Hapa wanavyuoni wamekhitilafiana. Kwa kauli mashuhuri ya Malik, madini yote yako chini ya usimamizi wa kiongozi wa Waislamu, hata yakiwa katika ardhi ya mtu. Wengine wameyafuatisha na umiliki wa ardhi.

Sheria ya Tanzania iko karibu zaidi na rai ya Malik. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inasema madini ni mali ya Jamhuri, na Rais ameyashika kwa amana ya wananchi.

Kuhodhi bila ya kufanyia kazi

Imepokewa pia kuwa Bilal bin Al-Harith Al-Muzani (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) ardhi ya Al-Aqiq. Zama za Sayyidna Umar (r.a.), Bilal akawa hawezi kuilima yote. Umar akamwambia kuwa hakupewa ili awazuie watu, bali aifanyie kazi. Bilal alikataa, lakini Umar akamwachia kile anachokiweza na kilichobaki akawagawia Waislamu.

Kisa hiki kinagusa moja kwa moja yaliyotokea Nachingwea, mkoani Lindi. Kampuni za kigeni zilikuwa na leseni ya kuhodhi eneo la nikeli la Ntaka Hill, yaani kulishikilia bila ya kuchimba kwa muda. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliondoa leseni za aina hiyo, na eneo likarudi serikalini. Kampuni zikaenda katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ICSID. Mwaka 2023 Tanzania iliamriwa kulipa zaidi ya Dola za Marekani milioni 109 kwa kutwaa bila fidia. Mwaka 2024 pande mbili zilipatana kwa Dola milioni 90.

Tunalojifunza

Wapo wanaosema kuwa mali ni ya umma, basi serikali itwae bila ya kuulizwa. Wengine husema mkataba ni mkataba, hata ukiwadhulumu wananchi. Visa viwili hivi vinatupa njia ya katikati. Ardhi iliyokaa bure yaweza kurudishwa, kama alivyofanya Umar. Lakini Qur'ani imeamrisha kutimiza ahadi, na aliyetoa gharama zake kwa idhini ya mtawala ana haki yake, kama Abyadh alivyopewa badali. Asiyelipa fidia leo kwa hiari huenda akalipa kesho kwa amri, na pesa hizo hutoka kwa watu wale wale waliokusudiwa kulindwa.

Na mwanakijiji anayehamishwa kupisha mgodi naye asisahauliwe. Ikiwa kampuni kubwa ina haki ya fidia, mwenye shamba la mihogo na makaburi ya wazee wake ana haki zaidi, kwani yeye hana mahakama ya kimataifa ya kukimbilia.

Kwa hiyo, maimamu wetu, katika khutba zenu wakumbusheni viongozi kuwa mali ya umma ni kama mali ya yatima mikononi mwa msimamizi. Wasikilize wanaolijua eneo, na waulize kabla ya kutia saini: Al-Aqra alisema neno lake mapema, na haki ikarudi kwa gharama ya mitende tu.

Wallahu a'lam.